Kitufe cha mwisho kiko mkononi mwa binadamu: je, kinatosha?

SWALI: Mimi ni mtengenezaji wa programu. Kampuni yetu ndogo imepata kazi ya kutengeneza mfumo wa akili mnemba utakaotambua magari na watu katika picha za droni ya doria ya mpakani, kwa ajili ya jeshi. Droni haina silaha, lakini taarifa zake zitawafikia watu wenye silaha. Zabuni inasema mfumo uwe "wa kuaminika na wenye maadili" na usahihi wake usipungue asilimia 95. Meneja wangu anasema suala la maadili limekwisha, kwa sababu uamuzi wa mwisho ni wa binadamu. Je, ni kweli? Na kazi yenyewe nianzie wapi?

JIBU: Si kweli. Kwa kuwa kosa la meneja wako ni la watu wengi katika fani hii, tuanze nalo kabla hujafungua kompyuta.

Tarehe 23 Machi 2003, siku chache baada ya vita vya Iraki kuanza, ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Tornado GR4 ilikuwa inarudi kwenye kituo chake cha Ali Al Salem, Kuwait. Mtambo wa makombora wa Patriot wa Marekani uliitafsiri kuwa kombora la adui linalofuata mawimbi ya rada. Wahudumu wa mtambo walikuwa na takriban dakika moja ya kuamua. Waliridhia, na watu wawili waliokuwamo ndegeni wakafa. Bodi ya uchunguzi ya Uingereza ilikuta sababu kadhaa zilizobebana: vigezo vya kutambua kombora la aina hiyo vilikuwa vipana mno, kifaa cha ndege cha kujitambulisha kwa wenzake hakikuwa kikifanya kazi, kikosi kilikuwa peke yake bila mawasiliano kamili na wengine, na wahudumu walikuwa wamefunzwa kuchukua hatua upesi na kuuamini mtambo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Aprili, Patriot ilitungua ndege ya kivita aina ya F/A-18 ya Jeshi la Wanamaji la Marekani lenyewe, na rubani akafa.

Kwa hiyo binadamu alikuwepo, na kitufe alikuwa nacho.

Sasa tazama upande wa pili. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov wa Umoja wa Kisovieti aliona mfumo wa setilaiti ukitangaza kwamba Marekani imerusha makombora matano ya nyuklia. Alikataa kuuamini. Baadaye ilibainika kwamba setilaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ya juu. Petrov hakuwa na ujasiri tu. Alijua mfumo ni mpya na una kasoro, alijua kwamba anayeanzisha vita vya nyuklia hataanza na makombora matano, rada za ardhini hazikuwa zimeona kitu, na alikuwa na dakika chache za kufikiri. Ondoa moja ya hizo na pengine tungekuwa na historia nyingine, kama tungekuwa nayo kabisa.

Kazi yako inaanzia hapo. Binadamu anakuwa kinga pale tu anapopewa muda, chanzo cha pili cha taarifa, na ujuzi wa wapi mashine inakosea. Hayo matatu hayaji yenyewe. Yanaandikwa katika mahitaji ya mfumo kama vile uzito wa droni unavyoandikwa. Na usidhani tatizo ni mashine siku zote: tarehe 3 Julai 1988 meli ya kivita ya Marekani, USS Vincennes, iliangusha ndege ya abiria ya Iran Air yenye watu 290. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha ndege inapanda angani. Wahudumu katika taharuki walitoa taarifa kwamba inashuka kuwaelekea. Mashine ilisema sawa, ila namna ilivyowaonyesha wahudumu taarifa hizo haikuwasaidia kuona.

Tuje kwenye ile asilimia 95, maana ndiyo itakayokuumiza kwanza. Chukua mfano wa siku moja ya doria ya saa 12 ambapo droni inaona magari 10,000, na kati ya hayo 20 tu ndiyo yanayotafutwa. Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha kutambua vitu, ikiyakamata 95 katika kila 100 ya yale ya kweli, na kukosea 5 katika kila 100 ya mengine, utapata kengele 19 za kweli na 499 za uongo. Yaani kengele 518 kwa siku, moja kila dakika moja na nusu hivi, na katika kila 27 moja tu ndiyo ya kweli. Mwendeshaji atafanya moja kati ya mawili: atazipuuza zote, au atazoea kubonyeza "ndiyo" ili skrini isafishike. Ukitaka kicheko, modeli isiyofanya kazi yoyote, inayosema "hakuna kitu" siku nzima, itakuwa na usahihi wa asilimia 99.8 na itashinda zabuni yenu.

Omba basi kigezo hicho kibadilishwe. Badala ya namba moja, kiandikwe kuwa viwili: ni shabaha ngapi za kweli mfumo unaruhusiwa kuzikosa, na ni kengele ngapi za uongo kwa saa mwendeshaji mmoja anaweza kuzichunguza bila kuchoka. Katika mfano wetu, ili nusu ya kengele ziwe za kweli, makosa kwa magari ya kawaida yasizidi takriban 2 katika kila 1,000. Hapo mteja ataona mwenyewe kwamba asilimia 95 haikuwa kipimo cha kitu alichokihitaji.

Jambo linalofuata ni majina ya makundi ambayo modeli itafundishwa kutambua. Hapa ndipo maadili yanapokaa hasa, na hapa ndipo watu hupita haraka. Usikubali kundi liitwalo "adui" au "gaidi". Kamera haioni uadui. Inaona pikapu, pikapu yenye mzinga uliofungwa nyuma, lori, pikipiki, mtu, kundi la watu. Pikapu ileile hubeba wapiganaji, wafanyakazi wa misaada na wafanyabiashara wa mbuzi. Kumwita mtu mpiganaji ni uamuzi wa kisheria unaotegemea anachokifanya, na Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, ibara ya 50, inasema wazi: penye shaka, mtu ahesabiwe raia. Kanuni hiyo inaweza kuandikwa katika msimbo wa programu. Modeli iwe na kundi la "haijulikani", na jibu lisilofikia kiwango liangukie huko, lisisukumwe kwenye kundi la karibu.

Kuna pia mipaka ya macho yenyewe. Kipimo cha zamani cha Johnson, cha mwaka 1958, bado kinasaidia: ili mtazamaji aweze kutambua aina ya kitu kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, anahitaji takriban pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 8 katika upana wake; kukibainisha kwa undani, takriban 13. Ikiwa pikseli moja ya kamera yenu inafunika sentimita 10 za ardhi, pikapu yenye upana wa mita 1.8 inapata pikseli 18, vizuri kabisa. Bunduki yenye urefu wa mita moja inapata pikseli 10 kwa urefu, na kwa upana haipati hata moja. Fimbo ya mfugaji, mpini wa jembe na kipande cha bomba vinaonekana vivyo hivyo. Kwa kimo hicho kundi la "mtu mwenye silaha" lifungwe ndani ya programu. Si suala la kumwonya mwendeshaji asilitumie. Modeli itatoa jibu hata pasipokuwa na taarifa za kutosha katika picha, na itatoa kwa kujiamini.

Mipaka kama hiyo iandike kwenye ukurasa mmoja kabla ya kukusanya picha hata moja: kimo, pembe ya kamera, aina ya kamera, saa za siku, msimu, aina ya ardhi, kasi ya droni. Usisahau kamera ya joto. Mara mbili kwa siku, muda mfupi baada ya jua kuchomoza na tena kuelekea au baada ya kuchwa, joto la gari na la ardhi hulingana, na gari linapotea kwenye picha kana kwamba halipo. Hizo ndizo saa ambazo vikosi hupenda kusogea. Modeli iliyojaribiwa saa sita mchana na saa sita usiku itafaulu majaribio yote na kushindwa alfajiri.

Picha za kufundishia nazo zina asili yake. Mkusanyiko wa VisDrone, ambao wengi huanza nao kwa sababu ni wa bure, ulipigwa katika miji 14 ya China. Una kundi maalumu la baiskeli za magurudumu matatu zenye turubai. Hauna punda aliyebeba madumu, hauna mkokoteni, hauna bodaboda yenye abiria watatu na godoro. Anza nao ukipenda, lakini mtihani usiutungie humo. Piga picha za eneo lenu, kiangazi na masika, na uhakikishe wale ambao mashine huwakosea zaidi, yaani wafugaji, wachuuzi wa mpakani, watu waliohama makwao na mizigo kichwani, wamo kwa wingi, kwa sababu hao ndio watakaolipa gharama ya kengele ya uongo.

Kila picha iwekwe alama na watu wawili wasioonana, na wa tatu aamue wanapotofautiana. Pale ambapo hata watu wanatofautiana, usilazimishe jibu. Hiyo ni "haijulikani" halali. Kisha linakuja kosa ambalo nadhani limeharibu miradi mingi kuliko lolote: kugawa data ya kufundishia na ya kupimia kwa kuchanganya picha ovyo. Video ina picha 25 au 30 kwa sekunde. Picha moja ikienda kwenye mafunzo na jirani yake kwenye mtihani, modeli inakuwa imeuona mtihani. Matokeo yatapendeza sana, na droni ikifika kijiji kingine yataporomoka. Gawa kwa mahali na kwa siku. Tenga vijiji vizima na msimu mzima ambavyo timu ya mafunzo haitavigusa, na bora funguo za data hiyo zikae kwa mtu asiyelipwa kwa modeli kufaulu.

Ni majaribio mangapi yanatosha? Kuna kanuni rahisi: ukijaribu mara n bila kosa hata moja, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kiwango cha makosa hakizidi 3 gawanya kwa n. Majaribio 300 safi yanathibitisha tu kwamba makosa si zaidi ya 1 katika 100. Kufikia 1 katika 1,000 unahitaji 3,000. Na jaribio hapa ni tukio linalojitegemea. Picha 3,000 za gari moja kwenye video moja ni jaribio moja lililorefushwa. Bajeti za miradi hii karibu zote hutenga fedha kwa mafunzo na kuacha makombo kwa majaribio. Igeuzeni.

Halafu kumbuka kwamba tofauti na hospitali au benki, huku kuna mtu anayetaka modeli yako ikosee. Tope, matawi, wavu, turubai, gari bovu linalowekewa jiko la mkaa ili litoe joto. Katika vita vya Ukraine pande zote mbili zimetumia silaha bandia za mbao na za kujaza upepo kuwavuta adui wapige bure. Tafuta watu watano wajanja, bora wakiwa na uzoefu wa kijeshi, wape wiki mbili na kazi moja tu: kuidanganya modeli. Kila mbinu iliyofaulu iandikwe kwenye ule ukurasa wa mipaka. Kinga nyingine ni ya mapema zaidi: jua nani amegusa data. Mtu mwenye nia mbaya anayeweka alama kwenye picha mia chache tu anaweza kufundisha modeli isione gari lenye doa fulani la rangi, na majaribio ya kawaida hayatalikamata hilo.

Sasa rudi kwenye skrini ya mwendeshaji, mahali kitufe kilipo. Kisanduku chekundu chenye maneno "SHABAHA 95%" ni ushawishi, si taarifa. Kwanza namba yenyewe huenda si ya kweli: mitandao ya kisasa ya neva, yaani aina ya programu ambayo modeli hizi hujengwa nayo, hujiamini kupita kiasi. Kusanya majibu yote ambayo modeli ilisema ina uhakika wa takriban asilimia 90, uhesabu ni mangapi yalikuwa sahihi. Yakiwa 70 katika kila 100, irekebishe kwa data iliyotengwa kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Pili, mwonyeshe mwendeshaji kipande cha picha chenyewe, kundi la pili ambalo modeli ililifikiria, kimo cha droni, na alama inayowaka pale hali inapokuwa nje ya mipaka mliyoandika. Rangi zisiwe za kengele ya moto.

Halafu mpime na yeye. Wakati wa mazoezi, changanya picha ambazo unajua modeli imekosea, uone anakamata ngapi. Rekodi anatumia sekunde ngapi kabla ya kukubali na anakataa mara ngapi. Akikubali karibu kila kitu ndani ya sekunde mbili, kitufe ni pambo. Hapo usimlaumu, punguza kengele, ongeza muda, au badilisha onyesho. Picha hizi za mtego zisiingizwe kamwe kwenye doria halisi bila kizuizi kinachohakikisha haziwezi kutoka nje ya chumba cha mwendeshaji.

Maana hatari kubwa zaidi iko nje ya chumba. Modeli inasema "pikapu, uhakika mdogo, picha hafifu". Mwendeshaji anaandika "huenda pikapu". Ofisa anasema redioni "pikapu moja, gridi fulani". Doria inasikia "gari la adui". Hakuna aliyedanganya, na shaka yote imemwagika njiani. Tengeneza ujumbe wenye sehemu zisizofutika: chanzo ni mashine au mtu, kiwango cha uhakika, saa ya picha, na kama kuna chanzo cha pili kilichothibitisha. Bila chanzo cha pili mfumo ukatae kuupeleka ujumbe kama uthibitisho. Uende kama ombi la kuchunguza. Chanzo cha pili ndicho kilichomsaidia Petrov, na ndicho ambacho kikosi cha Patriot kilichokatika na wenzake hakikuwa nacho.

Kumbukumbu zihifadhi toleo kamili la modeli pamoja na alama yake ya kidijitali, picha iliyotumika, jibu, alichofanya mwendeshaji, na saa iliyolinganishwa kwa vifaa vyote. Saa za vifaa zikitofautiana hata kwa sekunde kumi, uchunguzi wa ajali utashindwa kujua nani alijua nini lini. Kila toleo jipya la modeli lirudi kwenye majaribio, hata kama mabadiliko ni "madogo". Na pawe na swichi ya kuizima akili mnemba pekee, droni ikiendelea kuruka na kutuma video. Mfumo ambao kuuzima ni kuipoteza droni, hakuna kamanda atakayeuzima.

Kuhusu sheria nitasema machache. Ibara ya 36 ya Itifaki niliyoitaja inalitaka taifa kuchunguza kama silaha, zana au mbinu mpya ya kivita inaruhusiwa kisheria, na Tanzania, Uganda na Kenya zote ni wanachama wa Itifaki hiyo. Droni isiyo na silaha inaweza kuingia humo ikiwa taarifa zake ndizo zinazochagua cha kupigwa, kwa hiyo muulize mteja mapema nani amefanya uchunguzi huo. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 haihusu matumizi ya kijeshi, hivyo kunakili vifungu vyake hakukupi kinga. Kanuni tano za Wizara ya Ulinzi ya Marekani za mwaka 2020 na sita za muungano wa kijeshi wa NATO za 2021 zinafaa kama orodha ya kukumbushia, lakini hazikuambii pikseli ngapi. Kenya ilikuwa miongoni mwa waandalizi wa mkutano wa Seoul wa Septemba 2024 kuhusu matumizi ya akili mnemba jeshini. Nyaraka zake zitakusaidia kuzungumza na maofisa kwa lugha wanayoitambua.

Kwa wiki hii, fanya hivi. Andika ule ukurasa wa mipaka, jedwali la makosa mawili badala ya asilimia 95, na kifungu cha mkataba kinachosema kwamba siku droni itakapofungwa silaha, au taarifa zake zitakapoingizwa moja kwa moja kwenye mtambo wa kulenga, idhini yote inakufa na majaribio yanaanza upya. Ukurasa huo uwe na nafasi mbili za saini: yako kama mtengenezaji, na ya ofisa atakayeutumia mfumo, kwa jina na cheo. Upeleke kwenye kikao kijacho. Ofisa mzuri atauliza maswali kuhusu alfajiri na kimo kabla ya kusaini. Akisaini bila kusoma, au meneja akikuambia sehemu ya saini iondolewe, usitie yako kwenye cheti cha kukabidhi mfumo, na sababu zako ziandike kwa barua yenye tarehe.